Fimbo Haisimami: Kusoma Dalili za Kidhibiti Kinachoyumba

Kigari kinakwenda mbele na nyuma juu ya reli, kimebeba fimbo inayotakiwa kusimama wima bila kushikwa na mtu. Huu ndio mtambo unaotumika katika maabara nyingi za uhandisi kujifunzia udhibiti wa mifumo isiyo minyoofu, yaani mifumo ambayo ukiizidishia amri mara mbili, si lazima matokeo yazidi mara mbili. Kuujenga si kazi: reli ya mita 1, mota ya 12 V, mkanda wenye meno, enkoda mbili (sensa zinazohesabu mzunguko) na mikrokontrola, kompyuta ndogo inayoendesha kidhibiti, yaani programu inayoamua mota isukume vipi. Kazi ni kuusimamisha.

Fimbo ikianza kuyumba, wengi hukimbilia namba kwenye programu. Hii inapandishwa, ile inashushwa, na siku inaisha hivyohivyo. Lakini fimbo yenyewe imeshasema kosa liko wapi. Kuyumba kwa upesi na kuyumba kwa polepole ni magonjwa mawili tofauti, na kinachotibu la kwanza hulizidisha la pili. Kwa hiyo kabla ya kugusa namba yoyote, shika saa uhesabu mitikisiko.

Vipimo vya kuanzia

Mfano wetu ni fimbo ya alumini yenye urefu wa sentimita 60 na unene sawa kote. Zima umeme, bana kigari kisisogee, iache fimbo ining'inie. Isogeze digrii 10 hivi, iachie, kisha pima muda wa kwenda na kurudi mara 10. Fimbo hii hutumia takriban sekunde 12.7, yaani sekunde 1.27 kwa kila mzunguko. Gawanya 6.28 kwa 1.27 upate 4.95 rad/s. Hiyo ndiyo ω₀, kasi ya asili ya kubembea kwa fimbo. Huhitaji kupima masi wala kutafuta kitovu cha uzito. Saa imekwisha kuhesabu vyote, hata skrubu iliyoongezwa kwenye ncha.

Namba hiyohiyo inaeleza fimbo itaangukaje. Ikiwa wima na hakuna anayeisahihisha, kosa lake huongezeka maradufu kila baada ya sekunde 0.14. Kila kitu kwenye mtambo, kuanzia sensa hadi mota, kinashindana na muda huo.

Milinganyo ni miwili. Pembe θ hupimwa kutoka wima, x ni mahali pa kigari, a ni mchapuko wa kigari, ambao ndio amri yetu, na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Alama ′ ni kasi ya kitu husika, na ″ ni mchapuko wake:

θ″ = ω₀² sin θ − (ω₀²/g) a cos θ
x″ = a

Kwa fimbo hii ω₀² ni 24.5 na ω₀²/g ni 2.5. Karibu na wima, kidhibiti cha kawaida ni

a = k1 θ + k2 θ′ + k3 x + k4 x′

na ukichagua mizizi (namba zinazoamua mfumo utulie upesi kiasi gani) iwe −5, −5, −2 na −2, unapata gaini, yaani vizidishio vya amri: k1 = 39, k2 = 7.9, k3 = 4.1, k4 = 5.7. Pembe ziwe kwenye radiani na umbali kwenye mita.

Mota haielewi mchapuko, inaelewa volti. Ipe 6 V fimbo ikiwa imetolewa, uandike kasi ya mwisho ya kigari na muda unaochukua kufika asilimia 63 ya kasi hiyo. Tuseme ni 0.9 m/s na sekunde 0.10. Hapo kila volti inaleta 0.15 m/s, na volti za kutuma ni V = (0.10 a + x′) / 0.15. Ukiisahau x′ ndani ya mabano hayo, mota itapunguza mchapuko wenyewe kadiri kigari kinavyoongeza kasi, na gaini ulizokokotoa hazitakuwa zile zinazofanya kazi.

Jambo moja la kushika kabla ya dalili. Kwa gaini hizi, kidhibiti kinavumilia uchelewaji wa hadi sekunde 0.08 hivi, halafu kinashindwa. Kinavumilia pia kupungua kwa nguvu ya amri hadi asilimia 41, halafu kinashindwa. Mfumo uliotulia wenyewe, kama tangi la maji, kwa kawaida ukiupunguzia gaini unazidi kutulia. Huu wetu una ukuta pande zote mbili, na karibu dalili zote zilizo hapa chini ni njia tofauti za kugonga ukuta mmojawapo.

Fimbo inaanguka mara tu unapoiachia

Ikiwa inaanguka moja kwa moja bila hata kuyumba mara moja, usiguse gaini. Tazama alama. Weka k2, k3 na k4 kuwa sifuri na k1 iwe 5 tu, kisha inamisha fimbo kulia kwa mkono: kigari lazima kisukume kulia, kikiikimbilia fimbo. Kikienda kushoto, ama waya za mota zimepinduliwa ama enkoda inahesabu kinyume. Usirekebishe kwa kuweka alama ya kutoa mbele ya k1. Tafuta kifaa kilichopinduka ukirekebishe hapohapo, la sivyo k2 au k4 itakuja kukusaliti baadaye.

Ikiwa alama ziko sawa na mota inaruka kwa nguvu zote kwa mguso mdogo, kagua vipimo. Gaini ya 39 ikipewa digrii badala ya radiani inakuwa imezidi mara 57.

Inasimama sekunde chache, kisha kigari kinakimbilia mwisho wa reli

Hapa fimbo imedhibitiwa lakini kigari hakijadhibitiwa. Kwa k1 na k2 peke yake fimbo itasimama wima huku kigari kikiteleza kwa kasi ileile kiliyobaki nayo, kwa sababu hakuna chochote kwenye amri kinachojua kigari kiko wapi. Lazima k3 na k4 ziwepo.

Kosa linalofuata ni la kawaida sana, na halionekani kwa macho. Mtu anafikiri: kigari kikiwa kulia nataka kirudi kushoto, kwa hiyo k3 iwe hasi. Anaiweka hasi, na fimbo inaanguka upesi kuliko mwanzo. Andika mlinganyo wa mizizi ya mfumo mzima utaona sababu:

s⁴ + (2.5 k2 − k4) s³ + (2.5 k1 − k3 − 24.5) s² + 24.5 k4 s + 24.5 k3 = 0

Namba zote lazima ziwe chanya ili mfumo utulie, kwa hiyo k3 na k4 ni chanya, sawasawa na k1. Maana yake kwa macho ni hii: kigari kikiwa kulia kinapewa amri ya kwenda kulia zaidi kwa muda mfupi, fimbo inalalia kushoto, halafu k1 inakivuta kigari kushoto kuifuata fimbo. Ukitaka kurudi nyumbani, kwanza unapiga hatua ya kwenda mbali. Mtu anayebeba ufagio uliosimama kwenye kiganja hufanya hivyo bila kujua.

Jaribio la mkono: shika fimbo wima, weka k1 na k2 kuwa sifuri, sogeza kigari kidogo kulia. Kitataka kukimbia kulia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, lakini weka kidole karibu na kitufe cha kuzima.

Inasimama vizuri, ila kigari kimekaa pembeni

Sifuri ya pembe imekosewa. Kwenye utulivu, fimbo ni lazima iwe wima kweli na amri iwe sifuri. Enkoda ikidanganya kwa kiasi δ, kigari kitahama hadi k3 x ifute k1 δ. Kwa gaini zetu, digrii 1 ya kosa inakihamisha kigari sentimita 17 kutoka katikati. Kwenye reli ya mita 1, digrii 2.5 zinatosha kukipeleka karibu na ukingo.

Chanzo chake karibu kila mara ni kuwasha mtambo huku fimbo imeshikwa wima kwa jicho. Jicho halioni digrii 1. Washa fimbo ikiwa imening'inia na imetulia, hiyo iwe digrii 180, na programu ikokotoe wima kutoka hapo. Mvutano wa dunia hukosea kidogo kuliko mkono, mradi beringi ya mhimili haina msuguano mwingi. Pigapiga reli taratibu kwa kidole kabla ya kusoma sifuri, fimbo iishie mahali pake hasa. Na kagua reli yenyewe kwa pimamaji, maana reli iliyolala upande mmoja hukivuta kigari daima, na mota inapaswa kuipinga mfululizo.

Kuyumba kwa upesi kunakokua, mara 2 hivi kwa sekunde

Huu ni uchelewaji. Hesabu: kama kila mtikisiko unachukua karibu nusu sekunde na unazidi kupanuka hadi fimbo ianguke, umegonga ukuta wa sekunde 0.08. Kabla ya ukuta kuna onyo. Uchelewaji wa sekunde 0.06 hauangushi fimbo, ila kila mguso unaacha mitikisiko mingi kabla ya kutulia.

Uchelewaji haukai mahali pamoja, unajikusanya kidogokidogo. Programu inayosoma kila milisekunde 5 inaongeza milisekunde 2.5 kwa kushikilia amri hadi zamu ijayo, na 5 nyingine ikiwa amri inatumwa zamu inayofuata. Kichujio cha 20 Hz, kinacholainisha kipimo cha kasi, kinaongeza 8. Mota na kiendeshi chake wana zao. Jumla ya 15 hadi 20 ni ya kawaida na haina madhara.

Kinachoua ni kitu ambacho hakikuhesabiwa, na cha kwanza kushukiwa ni kuchapa data kwenye skrini. Waya wa mawasiliano uliowekwa biti 9600 kwa sekunde hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Mstari wa herufi 40 unachukua milisekunde 42, na akiba ya kutuma ikijaa, programu nzima inasimama kuusubiri. Ndiyo maana mtambo unasimama vizuri hadi unapotaka kuona kwa nini unasimama vizuri. Weka 115200, ambapo mstari huohuo unachukua milisekunde 3.5, na chapa mara moja kwa kila zamu 10.

Pima zamu zenyewe badala ya kuziamini. Washa pini moja mwanzoni mwa hesabu na uizime mwishoni, uitazame kwenye osiloskopu. Upana wa mstari ni muda wa hesabu, na nafasi kati ya mistari ni zamu. Ikiwa nafasi zinabadilikabadilika, k2 inakuwa uongo, kwa sababu kasi inakokotolewa kwa kugawanya kwa milisekunde 5 ambazo hazikuwa 5. Hamisha kidhibiti kwenye kikatizi cha taima (saa ya ndani inayokiita kwa muda uleule kila mara), mengine yote yafanyike muda unaobaki.

Mkanda uliolegea unatoa dalili inayofanana. Amri inafika kwenye mota mapema, kigari kinaipata baada ya meno kukaza. Bonyeza mkanda katikati: ukizama kama kamba ya nguo, kaza.

Kuyumba kwa polepole, sekunde 2 kwa kila mzunguko

Huku ndiko kunakopotosha wengi, kwa kuwa kunaonekana kama gaini imezidi na mtu anaipunguza. Kumbe imepungua. Ukuta wa pili, ule wa asilimia 41, una mtikisiko wake wenye kipindi cha sekunde 2 hivi, polepole mara 4 kuliko ule wa uchelewaji. Kigari kinakwenda kulia kwa upole, kinarudi kushoto kwa upole, fimbo inakifuata.

Kama unakua hadi fimbo inaanguka, nguvu ya amri imepungua kila mahali: betri imechoka, volti zilizokokotolewa kwa 12 zinatoka 9, au kipengele cha x′ kwenye mlinganyo wa volti kimesahauliwa. Pima volti kwenye miguu ya mota wakati inafanya kazi, si wakati imepumzika.

Kama unakua kidogo kisha unabaki palepale, sentimita chache kushoto na chache kulia bila kukoma, ni msuguano. Mota haisikii amri ndogo. Tuseme kigari hakisogei hadi upate 1.2 V: kwa mota yetu hiyo ni sawa na amri ya 1.8 m/s², na fimbo inabidi iiname digrii 2.6 kabla kigari hakijaitika. Mitikisiko ikiwa midogo, sehemu kubwa ya amri inamezwa na gaini halisi iko chini ya asilimia 41, kwa hiyo kuyumba kunakua. Kukikua, amri inashinda msuguano, gaini halisi inapanda, kuyumba kunataka kupungua. Mahali pa kukutana ndipo mtikisiko unapokaa, na hauondoki. Mlinganyo uliorahisishwa karibu na wima hauwezi kukuonyesha jambo hili hata kidogo, kwa sababu ndani yake msuguano huo haumo.

Tiba huanza na vyuma. Safisha reli, tia mafuta mepesi, legeza beringi zilizobana. Kisha pima volti za kuanza kusogea, kulia na kushoto kila moja peke yake, maana mara nyingi hazilingani. Ongeza volti hizo kwenye amri kulingana na upande inakoelekea, lakini ongeza asilimia 70 hadi 80 tu. Ukiongeza zote, au ukazidisha, mota itakuwa inaruka upande huu na huu fimbo ikiwa imetulia kabisa, na umebadilisha mtikisiko wa polepole kwa kelele.

Usilete kikusanyaji cha makosa (kipengele kinachojumlisha kosa kadiri muda unavyopita) hapa ukidhani kitaondoa mtikisiko. Kwenye msuguano, kikusanyaji hujaza amri taratibu kigari kikiwa kimenata, kikiachia kinapitiliza, halafu kinajaza upande wa pili. Kama unakihitaji kwa sababu nyingine, kifungie kikomo, na kisikusanye chochote wakati mota imefika mwisho wa nguvu zake.

Mota inalia na kutetemeka

Weka mkono juu yake. Mtetemo wa haraka usiosogeza kigari ni kelele ya kasi. Enkoda ya alama 600 ikisomwa kingo zote inatoa hatua 2400 kwa mzunguko, yaani digrii 0.15 kila moja. Inaonekana ndogo. Ukiigawanya kwa milisekunde 5 inakuwa kasi ya digrii 30 kwa sekunde, na ukiizidisha kwa k2 inakuwa amri ya 4.1 m/s². Hatua moja ya enkoda, fimbo ikiwa haijaondoka mahali, inaiamuru mota karibu nguvu zote tunazoiruhusu.

Kichujio cha 20 Hz kinapunguza mruko huo hadi 1.6 m/s² hivi. Ukishuka hadi 5 Hz mlio utaisha, lakini umeongeza milisekunde 32 za uchelewaji na umerudi kwenye dalili ya juu. Enkoda yenye alama nyingi zaidi ndiyo dawa ya kweli. Usipokuwa nayo, kokotoa kasi kwa kupima muda kati ya hatua mbili pale fimbo inapokwenda polepole, au tumia kikadiriaji kinachojua mlinganyo wa fimbo.

Wanaotumia kidhibiti cha kuteleza, kile kinachotuma nguvu zote upande mmoja au mwingine kulingana na alama ya s (hapa s ni mchanganyiko wa kosa na kasi yake, si ile s ya mlinganyo wa mizizi), watasikia mlio huu hata enkoda ikiwa nzuri. Nadharia inadhani mota inageuka papo hapo, haigeuki. Badilisha ruko la alama kwa mteremko: amri iende sambamba na s/φ hadi ifike kikomo, φ ikiwa upana wa mteremko. Panua φ hatua kwa hatua hadi mlio ukome, ukijua kwamba kila upanuzi unaacha kosa kubwa kidogo la kudumu.

Inavumilia mguso, inaanguka ukiisukuma

Mota imefika kikomo. Tumeiwekea programu 5 m/s², na kwa mlinganyo wetu wa volti inaweza kuutoa mchapuko huo hadi kasi ya 1.3 m/s, ambapo 12 V zinaisha. Juu ya kikomo, amri ikiongezeka mota haiongezeki, kwa hiyo gaini halisi inashuka kadiri fimbo inavyoinama, na ukuta wa asilimia 41 unarudi kwa mlango mwingine. Msuguano hupunguza gaini mitikisiko ikiwa midogo. Kikomo huipunguza ikiwa mikubwa.

Mpaka wake unakokotoleka. Chukua θ + θ′/ω₀. Thamani yake ikizidi kikomo cha mchapuko ukigawanya kwa g, hakuna kidhibiti chochote cha mota hii kitakachoiokoa fimbo, uwe umekisuka kwa njia yoyote. Kwa 5 m/s² ni radiani 0.51, karibu digrii 29 fimbo ikiwa haina kasi. Ikiwa tayari inaanguka kwa 1 rad/s, kasi pekee inakula 0.20 ya hiyo. Basi ukiona fimbo inaanguka kutoka digrii 20, kabla ya kuilaumu programu angalia ilikuwa na kasi gani. Na reli fupi inaupunguza mpaka huu zaidi, kwa sababu kuokoa kunahitaji nafasi ya kukimbia.

Kuipandisha fimbo kutoka chini

Njia ya nishati ndiyo nyepesi kuliko zote. Karl Johan Åström na Katsuhisa Furuta waliieleza vizuri katika miaka ya 1990, na Furuta ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye fimbo ya aina nyingine, ile inayobebwa na mkono unaozunguka. Kokotoa E = ½(θ′/ω₀)² + cos θ − 1, ambayo ni −2 fimbo ikining'inia na 0 ikiwa wima imetulia, kisha tuma a = k E θ′ cos θ, k ikiwa gaini chanya.

Fimbo haianzi kabisa? Imening'inia, θ′ ni sifuri, amri ni sifuri. Mlinganyo hauna kosa. Sehemu hiyo nayo ni utulivu. Ipe mota msukumo wa sekunde 0.2 mwanzoni.

Ikiwa inabembea ikipanda lakini inakomea mbali na kilele kila mara, ω₀ uliyoweka ni ndogo kuliko ya kweli. Ukikosea asilimia 5 tu, programu inaamini nishati imetosha wakati fimbo bado imebakiza kiasi cha digrii 30. Rudia kipimo cha saa. Msuguano wa mhimili nao hula nishati, kwa hiyo lenga E ya 0.05 hadi 0.1 badala ya sifuri.

Ikiwa kigari kinagonga mwisho wa reli wakati wa kupandisha, ni kwa sababu mlinganyo wa nishati haujui habari za reli. Ongeza −c x kwenye amri, c ikiwa namba chanya, na hapa alama ya kutoa ni sahihi, kwa kuwa fimbo bado haijabebwa. Alama ya x inabadilika unapovuka kutoka kupandisha kwenda kusimamisha. Iandike wazi kwenye programu, isije ikanakiliwa.

Ikiwa inadakwa ikija kutoka upande mmoja na kurushwa ikija kutoka upande mwingine, enkoda imehesabu mzunguko mzima. Upande mmoja wima ni 0, upande wa pili ni digrii 360, na k1 inaona kosa la radiani 6.28. Pitisha pembe kwenye atan2(sin θ, cos θ) kabla ya kuitumia popote.

Kubadilisha kidhibiti kufanyike pale |θ + θ′/ω₀| iko chini ya 0.25, nusu ya mpaka tuliokokotoa, na si kwa kutazama pembe peke yake. Fimbo inayopita wima kwa kasi ina pembe nzuri kabisa.

Kwenye kompyuta inasimama, mezani inaanguka

Kwanza tazama ulichothibitisha. Aleksandr Lyapunov alionyesha mwaka 1892 kwamba ukipata kitu kama nishati kisichoongezeka kamwe, mfumo hauendi mbali; lakini kutoongezeka si kupungua. Njia ya nishati hapo juu ni mfano hai: kipimo chake hakiongezeki, na bado fimbo inaweza kubaki imening'inia milele. Ikiwa uthibitisho wako umeishia kwenye "ndogo au sawa na sifuri", tafuta mahali ambapo ni sawa na sifuri ujiulize mtambo unaweza kukaa hapo au la.

Kisha tazama ulichokifuta. Njia ya kufuta upindo wa mlinganyo, kwa kutuma g tan θ ili mvuto uondoke, inafurahisha kwenye karatasi. Kwa digrii 60 inaomba 17 m/s² na kwa digrii 90 inaomba mchapuko usio na mwisho. Tena inashughulikia kitu kimoja tu: ukichagua θ, fimbo inatulia na kigari kinateleza bila kikomo, ukichagua x, kigari kinafuata njia kwa uzuri huku fimbo ikianguka, kwa sababu mwendo uliobaki ndani ni ule wa fimbo isiyo na mtu. Hilo halirekebishwi na gaini. Badilisha kinachodhibitiwa, au rudi kwenye vipengele vinne pamoja.

Ikiwa hapo pako sawa, tia kwenye kompyuta mambo manne yaliyoachwa nje: uchelewaji wa milisekunde 20, kikomo cha 5 m/s², volti 1.2 zisizosogeza kigari, na hatua za digrii 0.15. Tia moja, endesha, iondoe, tia inayofuata, kila mara ukipima kipindi cha mtikisiko. Kile kinachotoa kipindi kilekile ulichokipima mezani kwa saa ndicho cha kuanza kushughulikia.